Gumzo la Ukoo: Zawadi na Kigari cha Reli

Zawadi, saa 4:12 asubuhi
Shikamooni wazee wangu. Semina ilikwisha jana, na leo ofisi imetuleta Kigamboni, kwenye uwanja wa michezo ya mashine, tupumzike kabla ya kurudi Tabora. Wenzangu wamekata tiketi za kila mchezo, nami nimebaki nimeshika mikoba ya watu wanane. Hata lile gurudumu kubwa lenye viti vinavyoning'inia linanitoa jasho nikiwa bado chini.

Mama, saa 4:15
Marahaba mwanangu. Usipande kitu ambacho moyo wako umekikataa. Umekunywa chai?

Kaka Mkubwa, saa 4:16
Huyu si ndiye aliyekuwa akikwea miembe ya Babu mpaka tawi la mwisho?

Zawadi, saa 4:18
Kaka, mwembe hauzunguki, tena nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu mwenyewe. Hapa mwenye kuamua nishuke lini ni kijana anayezungumza na simu.

Shangazi wa Kiloleni, saa 4:21
Kama kijana huyo ni Mzaramo, usimwambie kwamba wewe ni Mnyamwezi. Mtani atakuzungusha mpaka magharibi.

Zawadi, saa 5:40
Nimepanda gurudumu. Kilichonitesa si kuzunguka bali kusimama, kwa maana tulipofika juu kabisa lilisimamishwa ili watu wengine wapande huko chini, kiti kikawa kinayumba kwa upepo wa bahari, nami nikafumba macho mpaka tuliposhuka. Kichefuchefu hakijaniacha hadi sasa.

Babu wa Isevya, saa 5:47
Mjukuu wangu, kosa lilikuwa kufumba macho. Ndani ya sikio mna maji yanayoupa ubongo habari za mwendo, na macho yakifungwa ubongo hukosa shahidi wa pili. Safari nyingine tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu.

Zawadi, saa 5:55
Ahsante Babu. Sasa wananivuta kwenye kile kigari cha reli za kupanda na kushuka, wanachokiita rola kosta. Nimeshindwa kujielewa: tulipotoka Dodoma kwa treni ya umeme, ambayo hufika kilomita 160 kwa saa, mimi nilisinzia, kigari hiki hakifikii hata nusu ya mwendo huo, lakini magoti yananitetemeka.

Babu wa Isevya, saa 6:06
Mwili hauhisi kasi, unahisi kasi inapobadilika. Treni ikishika mwendo wake sawasawa, unaweza kunywa chai bila kuimwaga, ila kigari kinapoporomoka, kiti hukukimbia kwa chini, matumbo yakabaki nyuma kidogo, na hapo ndipo mtu hudhani anakufa. Tena hakina injini. Mnyororo hukivuta mpaka kileleni, kisha uzito wake humaliza kazi yote. Utasikia ka-ka-ka wakati wa kupanda. Mara nyingi hayo ni meno ya chuma yanayokizuia kisirudi nyuma hata mnyororo ukikatika, kwa hiyo sauti inayowatisha watu ndiyo inayowalinda. Halafu uchungulie magurudumu yake kabla ya kukaa. Mmarekani aitwaye John Miller alipata mwaka 1919 hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, ya kuweka gurudumu jingine chini ya reli, ili kigari kisiweze kunyanyuka. Treni zetu hapa Tabora hazina gurudumu hilo, nasi tumezipanda miaka yote kwa kutegemea uzito wake tu.

Mama, saa 6:08
Baba, ulikuwa ukimtuliza mtoto, sasa unatutia hofu sisi tunaosafiri kwenda Kigoma mwezi ujao.

Kaka Mkubwa, saa 6:50
Zawadi, mbona umenyamaza? Mama amekwisha niuliza mara tatu.

Zawadi, saa 6:58
Nimepanda, na nimeshuka kwa miguu yangu. Nilichungulia nikaliona hilo gurudumu la chini, basi nikawa nahesabu ka-ka-ka mpaka zikakoma. Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri, isipokuwa kwamba nilimng'ang'ania mhasibu mwenzangu mpaka kifungo cha shati lake kikang'oka. Mkuu wa idara, aliyenicheka tangu asubuhi, alifika kwenye ngazi akasema kwamba ni lazima mtu mmoja abaki kulinda mikoba.

Shangazi wa Kiloleni, saa 7:01
Mwache ailinde. Umnunulie mwenzio kifungo.

Babu wa Isevya, saa 7:03
Ulikaa kiti cha wapi?

Zawadi, saa 7:04
Cha nyuma kabisa, Babu. Nilidhani kule nyuma ni shwari zaidi.

Babu wa Isevya, saa 7:07
Behewa la mwisho hufika kileleni wakati yale ya mbele yamekwisha anza kuporomoka, kwa hiyo huvutwa kwa nguvu kuliko yote.

Zawadi, saa 7:08
Kwa nini hukuniambia mapema?

Babu wa Isevya, saa 7:09
Hukuniuliza habari za viti.