Mrejesho: simbiliki wa moshi amelainika

Ndugu zangu, asanteni. Niliuliza kwa nini simbiliki (ndezi, yule panya mkubwa wa porini) aliyekaushwa kwa moshi anabaki mgumu hata baada ya saa mbili kwenye mbabula (jiko la makaa), na anafukuza wageni kwa harufu.

Sababu mojawapo ni mwinuko. Goma, mashariki mwa Kongo, iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo saa mbili za kitabu huku hazitoshi. Hesabu tatu, sufuria ifunikwe, makala (makaa) machache. Moto mkali unakaza nyuzi za nyama na kumaliza maji, basi unabaki na kandambili yenye mchuzi.

Kwanza kwangua masizi kwa kisu, loweka maji ya vuguvugu saa nzima, chemsha dakika 10, mwaga. Maji hayo ndiyo yenye uchungu, msiyaonee huruma. Kisha chemsha upya na mchaichai na kitunguu. Chumvi mwishoni, maana mara nyingi muuzaji ameshatia yake. Mawese vijiko vitatu, nyanya, pilipili, dakika 20 tena.

Papai bichi? Wakati wa kuloweka tu. Maji yakichemka nguvu yake inakufa. Na yule aliyeshauri kutia parasetamoli ili nyama ilainike: nyama haina homa, na dawa inabaki mchuzini kwa ini la mlaji.

Ndimu inapunguza harufu, hailainishi mfupa. Bugali uwe mgumu kidogo, mchuzi ni mwepesi.