Naomba ushauri: neno la bata bukini katika lugha mame (lugha mama ya kale iliyokisiwa) ya Kihindi-Kiulaya

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa kazi ya semina ya isimu linganishi. Nimezoea Kibantu, ambako inyoni (ndege) ya Kinyarwanda na inyoni ya Kizulu ni kama zimetoka nyumba moja jana. Huku kwa Wahindi-Waulaya moto unawaka.

Nina haṃsá ya Kisanskriti, khḗn ya Kigiriki, Gans ya Kijerumani na žąsis ya Kilituanya. Hizo zinaelewana: mwanzo ni *ǵʰ (g ya kaakaa gumu yenye pumzi; kinyota kinaonyesha umbo lililokisiwa). Hata goose ya Kiingereza hainisumbui, n ilidondoka mbele ya s na irabu ikarefuka.

Anser ya Kilatini ilitakiwa ianze na h, ila wanasema ni matamshi ya watu wa shamba waliokuwa wakiimeza h. Ndege wa kufugwa huyo, inaingia akilini. Kinachoniumiza kichwa ni gus' ya Kirusi. Kislavoni, tawi la Kirusi, kilitakiwa kitoe z, kama Kilituanya kilivyotoa ž. Wapo wanaosema neno lilikopwa kwa Wajerumani wa kale. Wengine wanadai sauti zilikwepana kwa sababu ya ile s ya ndani. Kama ni mkopo, nalitoa kwenye ushahidi. Kama ni urithi, hiyo g lazima niitolee maelezo.

Mnaopambanua mkopo na urithi kila siku, mnaanzia wapi? Halafu umbo la mwisho niandike *ǵʰans- ya vitabu vya zamani, au niweke laringali (konsonanti ya kale iliyokisiwa, hapa h₂), *ǵʰh₂ens-? Msimamizi wangu ni mkali kwa vinyota hivi.