Mrejesho: mbegu za mwaloni za kupanda msitu

Wakuu, niliuliza humu nitajuaje mbegu nzima kati ya zile zinazodondoka chini ya mialoni msimu wa vuli (majani yanapopukutika), na nizitunzeje hadi zifike kitaluni. Asanteni mliojibu.

Aliyesema nisizikimbilie zile za mwanzo kabisa kudondoka alinena kweli. Nyingi zina fukusi (mdudu ambaye funza wake hula mbegu kwa ndani), au kile kikofia cha juu ya mbegu kimeganda hakitoki. Zilizofuata ndizo nilizookota. Nikaziloweka usiku kucha: zilizozama nikabaki nazo, zilizoelea nikatupa. Kipimo hiki hakikamati mbovu zote, kwa hiyo ukiona kitundu kidogo cha mviringo usijiulize mara mbili, tupa, funza ameshakula akatoka.

Kwenye kutunza ndiko mliponisaidia zaidi. Mimi nilidhani zinaanikwa kama mahindi! Kumbe mbegu ya mwaloni ikikauka inakufa. Zangu zimo kwenye mchanga wenye unyevu kiasi, ndani ya mfuko uliotobolewa, kwenye friji, nyuzi 1 hadi 4. Za mwaloni mwekundu zinahitaji baridi hiyo kwa miezi kadhaa ndipo ziote. Za mwaloni mweupe hazina subira, zinatoa mzizi vuli hiyohiyo, kwa hiyo nimezipeleka kitaluni moja kwa moja.

Wenye kitalu waliuliza kwanza aina ya mti na mahali nilipookota, kwa hiyo andikeni hayo kwenye kila mfuko. Zilizobaki pale chini nimewaachia kindi, nao huzifukia ardhini na kusahau baadhi.