Santuri za kantri, bluzi na rokenroli: nitunze zipi, nitafute zipi?

Mwana_Section58 (Nakuru)

Wapenzi wa santuri, salaam. Marehemu mjomba wangu, aliyefanya kazi ya reli, aliniachia sanduku lenye sahani 38: nyingi za Jim Reeves, chache za Hank Williams, wote waimbaji wa kantri, na 6 nzito za kale ambazo sijui zilifikaje mikononi mwake. Moja kati ya hizo 6 niliifuta vumbi kwa spiriti, na papo hapo uso wake ukafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, wala haukung'aa tena. Nina uwezo wa kutenga shilingi 2,000 hivi kwa mwezi. Naomba ushauri kuhusu zipi za kutunza na zipi za kutafuta katika bluzi na rokenroli, na zaidi ya yote nielezwe nilikosea wapi.

Fundi_Sindano (Kisumu)

Pole sana, ndugu. Hizo nzito ni sahani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kwa kawaida zilitengenezwa kwa sheleki, yaani ulimbo wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Sheleki huyeyuka katika spiriti, kwa hiyo ulichokifuta si vumbi tu bali na uso wenyewe wa sahani. Tumia kitambaa laini, maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo, na usiiloweshe karatasi ya lebo. Tena, usizicheze kwa sindano ya sahani za plastiki. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana takriban mara tatu, hivyo sindano nyembamba huzama hadi chini na kuparuza uchafu badala ya kuegemea kuta zote mbili.

Kuhusu Jim Reeves, soma tarehe kabla ya kusifia jalada. Alifariki tarehe 31 Julai 1964 katika ajali ya ndege karibu na Nashville, lakini albamu "mpya" ziliendelea kutoka miaka mingi baadaye, kwa kuwa kanda za zamani zenye sauti yake ziliongezewa wapigaji wengine. Wimbo "Distant Drums", ulioongoza chati ya Uingereza mwaka 1966, ni wa namna hiyo. Mimi ningetunza kwanza zile za uhai wake, hasa yenye "He'll Have to Go" ya mwaka 1959, ambamo anaimba karibu na maikrofoni kana kwamba kweli ameshika simu usiku. Hank Williams, aliyefariki tarehe 1 Januari 1953, naye alipachikwa fidla za okestra baada ya kufa. Ukizisikia hizo nyuma yake, mpe jirani.

Chai_ya_Kericho

Kabla ya kwenda mbali, soma lebo za hizo sahani 6 uone kama kuna jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri. Huyu alianza kurekodi mjini Bristol, Tennessee, mwezi Agosti 1927, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake zilifika kwetu Ukipsigis pamoja na gramafoni za kuzungusha kwa mkono, na jina lake likageuka katika vinywa vya watu likawa "Chemirocha". Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipokuja na mitambo yake ya kurekodi Kapkatet mwaka 1950, aliwarekodi wasichana wakiimba habari za huyo Chemirocha, ambaye kwao alikuwa nusu mtu nusu paa. Kwa maoni yangu, mkusanyaji wa kantri upande huu wa nchi asiye na rekodi hiyo bado hajaanza. Tafuta pia "Blue Yodel No. 9" ya mwaka 1930: tarumbeta ni ya Louis Armstrong, ingawa lebo ya wakati ule haikumtaja.

Mzee_wa_Kakamega

Mwanangu, hawa wanakushauri vyema, ila shilingi 2,000 hazinunui toleo la kwanza la bluzi, nawe usijidanganye. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, mwaka 1936 huko San Antonio na 1937 huko Dallas. Albamu yake ya kampuni ya Columbia ya mwaka 1961 ina 16 kati ya hizo, na nakala yake iliyochapishwa upya inatosha kabisa. Katika rokenroli, anza na sahani ya kwanza ya Elvis Presley kwa kampuni ya rekodi ya Sun, Julai 1954: upande mmoja ni bluzi ya Arthur Crudup, upande wa pili ni kantri ya Bill Monroe. Mambo yako yote matatu yamo katika sahani moja. Hiyo nayo nunua nakala mpya, tena kwa bei ya nakala. Mimi niliwahi kuuziwa Sun ya "asili" yenye lebo safi kuliko shati la harusi, na nikailipia kama mjinga.

Mwana_Section58 (Nakuru)

Asanteni, wazee wangu. Nimezitazama zote 6: tatu ni za nyimbo za kanisa, mbili ni za bendi za dansi, na ya sita, ile niliyoiharibu kwa spiriti, lebo yake imekwisha kwa kushikwa. Fundi, Jumamosi nikiteremka Kisumu, naweza kuileta tuisikilize kwa sindano yako pana?

Fundi_Sindano (Kisumu)

Ilete. Ifunge katikati ya kadibodi mbili, na uipakate mwenyewe garini. Usiitie kwenye buti.