KIKOBA CHA BI ZAINA 🌴 NGAMIANI

Dada Rukia 07:12
Asalaam aleikum. Hesabu ni Jumamosi baada ya alasiri. Hamisi, programu yako ya hesabu kwenye laptopu ya Shangazi haionyeshi kitufe cha Hifadhi.

Dada Rukia 07:40
Nyie mpo? Naona mmesoma wote.

Hamisi 09:03
Kwangu kinaonekana dada. Skrini ya Shangazi fupi, piseli 768 tu kwenda chini. Inunuliwe nyingine.

Mjomba Sefu 09:05
Ya jenereta hayajesha, mshaanza ya laptopu.

Dada Rukia 09:05
Mjomba, jenereta tulimaliza.

Mjomba Sefu 09:06
Mlimaliza nyie.

Salma 09:10
Kitufe kitakuwa kimeshuka Pangani 😂

Dada Rukia 09:11
Na mchango wako wa mwezi wa tano nao uko Pangani? Idi, wewe fundi, sema neno.

Idi Dar 13:26
Ndo natoka kazini. Hamisi, kwenye Java yako umetumia setLayout ya null, yaani bila mpangilio wowote, kila kitu ukakipangia mahali mwenyewe kwa setBounds? Kitufe ukikipa y, yaani umbali toka juu, ya 800, kwenye 768 kitaonekana wapi? Acha kupima kwa piseli. Tumia BorderLayout, inapanga vitu kwa pande za dirisha: fomu ndani ya JScrollPane ili isogezeke juu na chini, iweke CENTER, katikati. Vitufe paneli yao, SOUTH, upande wa chini. Dirisha lifinywe lisifinywe, vitabaki chini pale.

Hamisi 16:50
Kitufe kimetokea!! Ila orodha ya wanachama imepotea 😭

Idi Dar 16:58
Nayo umeiweka CENTER? Pale hukaa kimoja, kinachoonekana ni cha mwisho kuingia. Orodha ipeleke WEST, kushoto.

Salma 16:59
Kumbe CENTER haitaki mke mwenza 😂😂 Mjomba Sefu umesikia?

Dada Rukia 17:00
SALMA.

Baba Mkubwa 19:02
Nimesoma yote. Hamisi, kiwanja ni hicho cha shangazi yako, nyumba ndiyo ipimwe. Usimtie mtu gharama. Na ya jenereta Sefu ana haki, Jumamosi tutaanza na hayo. Rukia, daftari la mkono lije.

Dada Rukia 19:31
Sawa Baba.

Dada Rukia 20:15
Basi Hamisi, Ijumaa upite kwa Shangazi uiweke hiyo programu mpya.

Shangazi Mwanahawa 20:44
Laptopu ilikwenda Chumbageni jana, mtoto ana mtihani. Itarudi inshallah.

Hamisi 20:45
Lini Shangazi?

Bi Mkubwa Tatu 22:10
Waaleikum salaam.