Naomba ushauri: kadi ya mkopo kwa mwanafunzi Marekani

Habari zenu wakuu. Nina miaka 20, nasoma Ohio, na jioni napanga vitabu maktaba ya chuo. Huku sheria ya 2009 inataka aliye chini ya miaka 21 aoneshe kipato chake mwenyewe au awe na mdhamini. Kwa kuwa sina historia ya mkopo (kumbukumbu ya jinsi ninavyokopa na kulipa), benki ilinipa kadi ya dhamana: niliweka dola 200, na kikomo ni hizohizo 200. Mwezi wa kwanza nililipa kile kiwango cha chini, dola 25, nikajiona mjanja. Taarifa ya kadi ya mwezi uliofuata, riba hiyo! Mlionitangulia, nilipe deni lote kabla taarifa haijatoka, au nisubiri siku ya mwisho ya kulipa? Na nikiitumia kununulia mchele na nauli tu, itatosha kunijengea historia?