Neno "eventually": nimemwelewa vibaya mteja, nimjibu vipi?

MuuzaKahawa (Bukavu)
Jambo sana wapendwa. Ninauza kahawa ya arabika ya huku kwetu Kivu. Mteja wa Uingereza alichukua magunia 8, kisha akaandika kuhusu 12 yaliyobaki: "We will eventually need the other twelve." Nimesoma kwa Kifaransa tangu utotoni, macho yangu yakaona éventuellement. Nikajua anasema labda. Minervali, yaani karo ya shule ya watoto, ilikuwa inanisubiri, nikamuuzia mtu mwingine magunia 5. Jana ameniuliza yote 12 yatapakiwa lini. Usingizi umenipotea. Neno hili maana yake nini hasa, na nimwandikie nini?

Mwalimu wa Ibanda
Pole dada. Eventually haina "labda" ndani yake. Ni hatimaye, mwishowe: jambo litakuwa, ila baada ya muda, mara nyingi baada ya kungojewa sana. Ukishinda bandarini ukingoja boti ya Goma, ikatokea jioni watu wamekwisha kukata tamaa, Mwingereza atasema "the boat eventually came". Boti imefika kweli. Éventuellement ni ikitokea, ikibidi, na hapo Kiingereza kina possibly. Yote mawili asili yake ni Kilatini, ndiyo maana yanafanana sura. Wanafunzi wangu nawaambia: weka "hatimaye" mahali pake usome tena sentensi.

MvukaRuzizi
Na actually vilevile! Si actuellement. Nilimwandikia bosi wangu wa Kamembe "I am actually at the office", nikitaka kusema kwa sasa niko ofisini. Yeye akasikia "kwa kweli niko ofisini", akadhani nabishana naye. Kwa sasa ni currently.

Yaya wa Nguba
Mdogo wangu, mwalimu amesema kweli, lakini tazama pia upande wa biashara. Neno lile lilikuambia atachukua, halikukuambia lini. Alitoa avansi, yaani malipo ya kutanguliza? Kama hakutoa, usijilaumu kupita kiasi. Mwandikie leo leo, usimfiche: yako 7, na 5 unayatafuta. Na siku nyingine ukiliona neno hilo, omba tarehe kabla hujagusa gunia.

MuuzaKahawa (Bukavu)
Aksanti sana yaya, aksanti mwalimu. Avansi hakutoa. Nimemwandikia sasa hivi ukweli wote, na nimemuuliza tarehe. Kesho asubuhi naenda Kalehe kutafuta yale 5.